Muulize Mama Fomeni: mbao kwanza, mtu baadaye

Barua za mwezi huu karibu zote ni za shimo. Masika yanakaribia, na kila mwenye kiwanja kati ya Ngaramtoni na Usa River, na kule Moshi kuanzia Pasua hadi Kibosho, anataka amalize karo la choo, mtaro wa bomba au msingi kabla mvua haijashika. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha. Majina sikuyaweka, kwa kuwa wengi walioandika bado wako kwenye saiti hizo hizo na wanakihitaji kibarua chao.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Moshono, Arusha, nachimba mtaro wa maji taka. Kina ni mita 2 na kidogo, upana unamtosha mtu mmoja na bomba. Mtaro umekaa wazi tangu wiki iliyopita na haujamwaga udongo hata kidogo. Nilipomwuliza bosi habari ya mbao alisema udongo wa huku umeshiba, haudondoki, mbao ni kupoteza hela. Wenzangu wananicheka. Je, mimi ni mwoga?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hofu yako ina akili, ishikilie.

Neno la bosi wako lina ukweli wa siku ya kwanza tu. Udongo wa miteremko ya Meru una majivu mengi ya volkano. Ukiukata ukiwa na unyevunyevu unasimama wima, hata alama ya sururu inabaki ukutani. Kinachoushika ni ule unyevu mdogo ulioko kati ya chembe na chembe. Jua la mchana linaukausha uso wa ukuta, unyevu unapotea, chembe zinaachiana. Mvua nayo ikinyesha, maji yanajaa pale palipokuwa na unyevu kidogo, chembe zinaachiana vilevile, na juu ya hapo udongo umeongezeka uzito. Kwa njia zote mbili ukuta unadhoofika kadiri siku zinavyokwenda. Ndiyo maana mtaro uliokaa wazi wiki nzima mimi nauogopa kuliko uliochimbwa leo asubuhi.

Tena ukishuka chini si udongo wa aina moja. Sehemu nyingi za Arusha utakuta udongo wa kahawia juu, majivu katikati, kisha tabaka la changarawe nyeusi ya volkano. Changarawe hiyo haina mshikamano, inamiminika kama sukari kwenye gunia lililotoboka. Ikishamwagika, udongo wa juu yake unabaki umening'inia juu ya kichwa chako, na wewe umeinama unaunga bomba.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Chukua kipande cha ukuta chenye urefu wa mita 1 kufuata mtaro, kimo cha mita 2 na unene wa nusu mita. Hiyo ni mita 1 ya ujazo. Uzito wake ni kati ya tani 1.5 na tani 2. Kipande hicho hakitangulizi taarifa, na katika mtaro mwembamba huna pa kukimbilia. Wala si lazima kikufunike kichwa. Udongo ukifika kifuani, kila unapotoa pumzi unashuka na kubana nafasi uliyoiacha, na pumzi inayofuata inakosa mahali. Mtu anaweza kufa kichwa chake kikiwa nje, wenzake wanamtazama machoni. Nalisema waziwazi ili wanaokucheka walisome.

Kanuni za Marekani, ambazo mafundi wa nchi nyingi huziangalia, zinataka kinga kuanzia kina cha futi 5, yaani mita 1.5, isipokuwa ukiwa ndani ya mwamba mgumu kabisa. Hata kabla ya kina hicho, anayejua kazi akiona dalili ya kubomoka anatakiwa aweke kinga. Mtaro wako umeshapita hapo. Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inambebesha mwajiri jukumu la kuhakikisha mahali pa kazi ni salama. Kusema mbao ni ghali hakumwondolei jukumu hilo.

Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kulaza kuta. Kwa udongo dhaifu, kila mita 1 ya kwenda chini unaipa mita 1.5 ya kwenda pembeni. Mtaro wako wa mita 2 ungehitaji kama mita 3 kila upande, na mitaa ya Moshono yenye ukuta wa jirani huku na barabara kule haina nafasi hiyo. Inabaki ya pili, kutegemeza.

Kutegemeza kuna mbao za kusimama, zinazogusa udongo. Mbao za kulala, zinazozifunga hizo kwa urefu wa mtaro. Na mihimili ya kukinga, inayovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mbao za kusimama zisipungue unene wa inchi 2. Mabanzi sikubali, hata kama kiwanda cha mbao kinayatoa bure. Katika majivu na changarawe mbao zibanane bila pengo, kwa sababu pengo la vidole viwili linatosha kumwaga ndoo nzima. Ukubwa wa mbao za kulala na mihimili usiukisie kwa macho: unategemea udongo, kina na upana, na mhandisi anaukokotoa kwa muda mfupi ukimpa vipimo hivyo. Jeki za chuma za kuzungusha, zilizotengenezwa kwa kazi hii, ni bora kuliko magogo kwa sababu unazikaza taratibu na unaziongeza nguvu kesho yake.

Sasa utaratibu, na hapa ndipo watu wanapokufa wakiwa na mbao mkononi. Hakuna anayeingia kwenye mtaro mtupu kwenda kufunga mbao. Mbao za kusimama zinashushwa kutoka juu, pande zote mbili, zikielekeana. Vichwa vyake viachwe vimechomoza juu ya ardhi kiasi cha shubiri ili jiwe lisijiviringishe na kuanguka ndani. Mhimili wa kwanza unafungwa karibu na juu, na anayeufunga yuko nje. Wa pili unafungwa na mtu aliyeshuka ngazi mpaka pale palipokwisha kukazwa, akiwa amezungukwa na mbao, miguu yake haijavuka chini ya kinga. Hivyo hivyo hadi chini. Kama udongo hausubiri hata kushusha mbao, chimba kidogo, kaza, chimba tena, na mbao ziwe zinagongwa kushuka mbele ya wachimbaji. Sehemu inayofuata ya mtaro unaianzia kwenye ile iliyokwisha kukingwa.

Mhimili ukae sawasawa na ardhi, usiinamie upande. Ukazwe kwa kabari mbili zinazoelekeana, kisha upigiliwe kibao kidogo chini yake ili hata kabari ikilegea gogo lisianguke juu ya mtu. Na nyuma ya mbao, pale ukuta ulipochimbwa vibaya ukaacha tundu, jaza udongo na ushindilie. Vijana wengi huliona hili kama urembo. Mbao zinafanya kazi zikiwa zimegusana na udongo. Ukiuachia udongo nafasi ya kusogea, ukianza kusogea umeshapata kasi, na mbao ambayo ingeuzuia ukiwa umetulia inavunjika.

Kifusi kiwe mbali na ukingo si chini ya sentimita 60. Mimi nadai mita nzima. Ngazi iwepo, isizidi mita 7.5 kutoka kwa mtu yeyote aliye ndani, na ipite ukingo kwa kama mita 1 ili mtu awe na pa kushika akitoka.

Bosi wako akikataa haya yote, usiingie. Najua maana ya kukosa posho ya siku, sikuambii kwa wepesi.

SWALI: Habari dada. Ni fomeni mwenzako, Usa River. Tumetegemeza mtaro kwa mbao na magogo ya mkaratusi. Ijumaa jioni kila kitu kilikuwa kimekaza. Jumatatu, baada ya mvua ya Jumapili, magogo mawili tumeyakuta chini na mengine yanacheza. Vijana waliruka ndani wakayarudishia kwa nyundo, kazi ikaendelea. Nataka kujua sababu, na ukaguzi unapaswa kufanyika mara ngapi.

JIBU: Salama kaka. Nakushukuru kwa kuuliza, maana hili la kutunza kinga ndilo linalosahaulika zaidi ya yote. Mtu anafunga mbao siku ya kwanza, anapiga picha ya kumpelekea mshauri wa mradi, basi. Udongo hauishii hapo, unaendelea kusukuma usiku na mchana.

Kabla ya sababu, niseme kwa uzito: vijana wako hawakupaswa kuruka ndani. Magogo mawili yakiwa chini, sehemu ile ya mtaro haikuwa na kinga, na ilikuwa imelowa. Ilitakiwa kurudishiwa kwa utaratibu ule ule wa kuanza upya, kutoka juu.

Sababu ya kwanza ni mti mbichi. Fundi wengi wanadhani gogo limefupika. Mti hausinyai sana kwa urefu wake, unasinyaa kwa upana. Kwa hiyo kilichopungua kwako ni kabari na mbao za kulala, ambazo zinabanwa kwa upana. Tengeneza kabari kwa mti mkavu na mgumu, na usikate ya kijani asubuhi kuitumia mchana. Sababu ya pili ni maji ya mvua yaliyopita nyuma ya mbao yakachota udongo. Chungulia, utaona matundu. Ukuta ukishaiacha mbao, gogo halina cha kulibana. Ya tatu ni upande mmoja kusogea na kusukuma wote, mbao zikapinda, magogo ya juu yakalegea na ya chini yakabanwa kupita kiasi. Ya nne ni watu. Gogo la kukinga si ngazi, wala si pa kuning'inizia ndoo ya zege. Kila anayelikanyaga analishusha kidogo.

Gogo linalocheza linaonekana, kila mtu analiogopa. Mimi huliogopa zaidi lile lililobanwa mno. Ukiona limezama ndani ya mbao ya kulala, au limepinda katikati, au linalia, toa watu wote kwanza ndipo utafute sababu.

Ukaguzi: kila siku kabla mtu hajaingia, kila baada ya mvua, kila mtaro ukilala siku moja au zaidi bila kazi, na kila mashine au lori likipita karibu au kijiko cha mashine kikigonga mbao. Seremala wa Kijenge aliyenifundisha kazi hii alikuwa na mpangilio ambao sijauacha. Anaanza juu, mbali na ukingo, anatazama ardhi. Anatafuta ufa unaokwenda sambamba na mtaro. Ufa huo hujitokeza kwa umbali wa kama nusu hadi robo tatu ya kina, yaani kwa mtaro wa mita 2 uutafute kati ya mita 1 na mita 1.5 kutoka ukingoni. Tazama sasa kifusi chenu kimekaa wapi. Kimekaa pale pale, kimeufunika.

Kwenye saiti moja karibu na Mto Themi nililazimisha kifusi kisogezwe wakati wa chai. Chini yake kulikuwa na ufa unaoingia ncha ya mkono. Tuliwatoa watu, na kabla ya saa kumi jioni kipande chote kati ya ufa na mtaro kilishuka, kikavunja mbao tatu. Bomba lilipotea. Watu walikuwa juu, wakitazama.

Ukipata ufa mwembamba, piga misumari miwili kwenye vigingi, kimoja kila upande, pima umbali wake na uandike. Saa mbili baadaye pima tena. Kama namba imebadilika, ukuta unatembea.

Baada ya hapo ndipo unagonga mihimili kwa nyundo, mmoja mmoja, ukiwa juu kwa ile inayofikika. Uliokaza unajibu kwa sauti kali, uliolegea unajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Mwisho tazama chini ya mtaro: sakafu imevimba? Mguu wa ukuta umetoka kitumbo? Kuna maji yanayoingia yakiwa na mchanga? Maji safi yanayotiririka polepole unaweza kuyatoa. Maji yenye mchanga yanaula ukuta kwa nyuma.

Andika haya kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa siku, na jina la aliyekagua. Awepo mtu mmoja anayejulikana kwamba akisema tokeni, wote wanatoka, hata kama gari la zege liko getini. Kama mtu huyo ni wewe, waambie vijana wako leo, wakusikie kwa kinywa chako.

Kuhusu kuondoa, maana najua mtafika huko: anza chini. Jaza udongo, shindilia, toa mhimili wa chini kabisa, jaza tena, toa unaofuata. Kila mhimili unalegezwa kidogo kidogo huku unatazama ukuta. Ukiona unafuata, ukaze tena uuache hapo hapo. Mbao chache zikibaki ardhini hakuna aliyeumia. Na zile utakazozitoa zichague kabla ya kuzipeleka saiti nyingine: iliyopasuka kufuata uzi, yenye fundo kubwa katikati, yenye kichwa kilichopondeka, ipeleke jikoni.

SWALI: Yeyo shikamoo. Niko Ngaramtoni. Shimo letu la karo linajaa maji usiku. Tumeshusha pampu ya petroli chini kabisa kwa sababu bomba la kunyonya ni fupi. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Itoe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Moshi wa injini una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na shimoni hauna njia ya kutoka. Anayeshuka anasikia kizunguzungu, anaanguka, na anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake. Pampu ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo hauleti moshi ndani. Nunua bomba refu la kunyonya au tafuta pampu ya umeme ya kuzamisha yenye waya mzima. Kama ni karo la zamani mnalichimbua, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kinyesi kilichooza kinatoa gesi zake. Humo asiingie mtu bila kipimo cha hewa, kamba ya mwilini na watu wa kumvuta walioko juu.

SWALI: Mama habari za kazi. Nipo Pasua, Moshi. Nataka kuchimba msingi wa ghorofa moja, na jirani ana ukuta wa matofali mita 1 kutoka mpakani. Fundi anasema tuchimbe mita 2.5 upande wote kwa siku moja kwa kijiko, ndipo tuweke mirunda. Jirani ameanza kununa.

JIBU: Njema dada. Jirani yako ana haki ya kununa.

Jua kwanza msingi wake unaishia kina gani. Chimbeni kishimo kidogo cha kuangalia, kwa ruhusa yake. Halafu, ukiwa umesimama kwenye mguu wa msingi wake, vuta mstari wa kufikirika unaoteremka kuelekea kwako kwa nyuzi 45. Chochote utakachochimba kinachokata mstari huo kinagusa udongo uliobeba ukuta wake. Tuseme msingi wake una kina cha nusu mita na wewe unakwenda mita 2.5. Tofauti ni mita 2, kwa hiyo ungepaswa kuwa mita 2 mbali naye ndipo utulie. Mita 1 haitoshi.

Isitoshe, uwanda wa chini wa Moshi una sehemu nyingi za udongo mweusi wa mbuga. Huo kiangazi unapasuka nyufa zinazomeza mguu wa mtoto, na masika unavimba. Maana yake unapochimba kiangazi, ukuta wako umeshakatwa vipande tayari kabla hujaugusa. Mvua ya kwanza inaingia kwenye nyufa na kusukuma vipande hivyo nje. Na ukivimba nyuma ya mbao unasukuma kwa nguvu kubwa kuliko fundi alivyozoea kwenye udongo mwekundu wa juu.

Kwa hiyo usikubali kijiko kwa siku moja. Sehemu ya upande wa jirani ichimbwe vipande vya kama mita 1, kwa kuruka: unachimba cha kwanza, unategemeza, unajenga, unajaza, unaruka, unakwenda cha nne, ndipo unarudi cha pili. Ukuta wake unakuwa umekalia udongo mzima, au kipande kilichokwisha kujengwa, pande zote za kila kipande. Mirunda ya kushikia zege la slabu isitumike kukinga udongo bila hesabu, ile inachaguliwa kwa kubeba mzigo wa kutoka juu. Kazi hii inahitaji mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aweke mchoro na sahihi yake. Kabla ya kuanza, piga picha nyufa zote zilizopo kwenye ukuta wa jirani, yeye akiwepo, na kila mmoja abaki na nakala. Nimeona ugomvi wa mahakamani uliozimwa na picha kumi.

SWALI: Mama Fomeni, mimi ni mzee wa Kibosho. Vijana wangu wanakata mteremko nyuma ya nyumba wajenge tangi la maji. Ukuta wa udongo una mita 3. Ni kiangazi, lakini chini yake kunalowa kila asubuhi. Hakuna bomba hapo.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Bomba hakuna, lakini je, mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, upo? Kule kwenu maji ya mifongo hupita juu ya mashamba na nyuma ya nyumba, na mfongo wa udongo unavuja. Siku ya zamu ya maji, yanazama ardhini na kutokea mnapochimba. Panda juu ukafuatilie, uliza wanaogawa maji zamu ni lini, kisha linganisha na asubuhi ambazo ukuta unalowa.

Mkiona yanafanana, zungumza na wenzako wa mfongo, kipande kinachopita juu ya nyumba yako kitandikwe bomba au kisakafiwe. Wakati mnasubiri, vijana wasisimame chini ya ukuta huo. Kwa kuwa una nafasi ya shamba, afadhali ukatwe ngazi ngazi au ulazwe, na juu yake mchimbe kijifereji cha kukinga maji ya mvua. Ukuta wa kudumu ukijengwa nyuma ya tangi, uachiwe matundu ya kutolea maji na ujazwe mawe nyuma yake. Maji yaliyofungiwa nyuma ya ukuta yanausukuma kuliko udongo wenyewe. Na mawe makubwa yaliyojichomoza kwenye ukuta wa Kilimanjaro yasiachwe yakining'inia kwa kuwa yanaonekana mazito. Yaangusheni makusudi, kwa mtaimbo mrefu, mkiwa juu.

SWALI: Mtu akifukiwa tufanye nini? (Barua hii ilitoka Majengo, Moshi, haikuwa na maneno mengine.)

JIBU: Usiruke ndani. Najua mikono inavyowasha, lakini sehemu iliyobomoka mara nyingi inabomoka tena, na waokoaji ndio wanaokutwa chini. Mtu mmoja apige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ataje mtaa na alama ya kuonekana, na mwingine akasimame barabarani kuwaelekeza. Zimeni mashine zote, simamisheni magari, ondoeni watu ukingoni. Tiririsho la maji likiwepo lizuieni. Kama kuna mbao, zishusheni kutoka juu pande zote za pale alipo ndipo mtu mmoja ashuke akiwa ndani ya kinga, achimbe kwa mikono na chepe fupi, aanze na uso na kifua. Kijiko cha mashine kisimguse, kinakata mtu. Wala msimvute kwa kamba akiwa amefukiwa nusu, mtamvunja. Akishatolewa, hata akisema yuko salama, aende hospitali: mwili uliobanwa muda mrefu unaweza kuzimia saa kadhaa baadaye.

SWALI: Shikamoo mama. Nina kampuni ndogo, nimesajiliwa na Bodi ya Makandarasi, ofisi iko Sakina. Kila nikiweka mbao za mtaro kwenye mchanganuo wa bei nashindwa zabuni. Asiyeziweka ndiye anayepata. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hili ni gumu kuliko la kabari, na sitakudanganya kwamba lina jibu jepesi.

Kwanza usiifiche gharama hiyo ndani ya bei ya kuchimba. Iweke mstari wake peke yake: kutegemeza kuta za mtaro, kwa mita za mraba, kuanzia kina fulani hadi kina fulani, pamoja na ukaguzi wa kila siku na kuondoa. Mteja akikuita kupunguza bei, mwambie ni mstari upi anaufuta, na umwombe aufute kwa maandishi. Nimeona kalamu nyingi zikisita hapo. Mteja wa taasisi ana mshauri wake, na mshauri hapendi karatasi yenye sahihi yake inayosema kinga iondolewe.

Pili, usihesabu mbao kana kwamba zinakufa kwenye kazi moja. Mbao nzuri za inchi 2 na jeki za chuma zinazunguka kazi nyingi zikitunzwa: zikaushwe kivulini, zipangwe juu ya vitalu, zisiachwe zimelala kwenye tope. Gawanya gharama yake kwa kazi unazotarajia, bei yako itashuka kiasi cha kushindana. Wenye kampuni ndogo wawili watatu mnaoaminiana mnaweza kununua seti moja ya jeki na kuipokezana. Pia chimba na kukinga mtaro vipande vifupi, utandike bomba, ujaze, usogee. Seti ya mita 12 inaweza kumaliza mtaro wa mita 300, ilhali ukichimba wote kwa mara moja utahitaji mbao za mita 300, na hapo ndipo kila mtu anapoziacha.

Tatu, waandikishe watu wako Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hata vibarua. Sheria inakutaka ufanye hivyo. Kisha kwenye mkutano wa zabuni uliza, mbele ya wote, kila mzabuni atategemeza mtaro kwa njia gani. Uliza kwa upole, na usubiri kila mmoja ajibu. Ukitaka, niletee mchanganuo wako ukiwa na kina, upana na aina ya udongo, tuupitie kabla hujaupeleka.